Mashine zikifanya kazi zetu, yale masaa yanayobaki ni ya nani? (Uzi mrefu)

Habari za muda huu wakuu.

Naomba leo tukae kidogo kwenye hii mada ya kazi, maana kila siku naona watu wanabishana akili mnemba (AI) itachukua kazi gani na itaacha ipi, mmoja anasema wahasibu wameisha, mwingine madereva, mwingine anasema mafundi hawaguswi, na mabishano yanaishia hapo hapo. Mimi naona tunahangaika na swali dogo tunaacha kubwa. Swali kubwa ni hili: mashine ikimaliza kwa saa moja kitu ulichokuwa unafanya siku nzima, yale masaa mengine yanakuwa mali ya nani? Yako, ya bosi, au yanageuka barua ya kupunguzwa kazi kwa mwenzako wa meza ya pili? Na kuna la pili linalofuatana nalo: hivi binadamu akibaki na masaa yote hayo afu hahitajiki popote, anabaki mzima kweli?

Nitaandika kwa kirefu maana hii mada naijali sana na naona inaamuliwa bila sisi kuwepo.

Tuanzie mbali kidogo, hii hofu haijaanza na kompyuta. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, aliandika kwamba kama mtambo wa kufumia ungeweza kufuma wenyewe, mabwana wasingehitaji watumwa. Kwake hilo lilikuwa jambo la kufikirika tu na ndio maana aliona utumwa ni kitu cha kawaida kabisa. Haya, mwishoni mwa karne ya 18 kule Uingereza mitambo ikaanza kusokota na kufuma yenyewe kweli, kwanza kwa nguvu ya maji, baadae kwa mvuke. Kwa hesabu ya Aristotle utumwa ulitakiwa upungue, si ndio? Kilichotokea ni kwamba viwanda vilitaka pamba nyingi kuliko wakati wowote kabla yake, na pamba nyingi ilikuwa inalimwa na watumwa Marekani. Mwaka 1790 watumwa wa kule walikuwa kama laki saba, kufika 1860 walikuwa wanakaribia milioni nne. Mashine ile ile iliyompunguzia mtu mmoja jasho ikamzidishia mwingine jasho na damu upande wa pili wa bahari, na ndani ya viwanda vyenyewe wakajazwa watoto wanaosimama masaa kumi na mbili na kuzidi. Kwahiyo mtu akikwambia teknolojia inaleta unafuu, muulize unafuu huo unamfikia nani na nani anaulipia.

Alafu kuna wale wanaoitwa Luddites, ambao leo jina lao limekuwa tusi la kumtupia mtu yeyote anayesita mbele ya kompyuta. Wale walikuwa mafundi wa soksi na vitambaa kule Uingereza, kuanzia 1811 wakawa wanaingia kwenye karakana usiku na nyundo wanavunja mitambo. Wengi wanadhani walichukia mashine. Hawakuchukia, wengi wao walikuwa wanatumia mitambo tangu utotoni. Walichokataa ni mitambo kutumika kutengeneza bidhaa za ovyo kwa kutumia watu wasiopitia mafunzo, wanaolipwa kidogo, ili fundi aliyesota miaka kujifunza akose pa kusimama. Walijaribu kuomba bunge kwanza, hawakusikilizwa. Bunge lilivyokuja kujibu, mwaka 1812, lilipitisha sheria kwamba kuvunja mtambo adhabu yake ni kifo. Lord Byron yule mshairi alisimama kwenye Baraza la Malordi akaipinga, ikapita hivyo hivyo. Na wale wafumaji wa mkono kweli kipato chao kilishuka zaidi ya nusu miaka iliyofuata, hawakuwa wanaota.

Watetezi wa maendeleo huwa wanaruka hapo, wanasema ila baadae wajukuu zao waliishi vizuri. Ni kweli waliishi vizuri. Ila naomba tujiulize waliishi vizuri kwa sababu gani, mashine peke yake?

Angalia masaa. Karne ya 19 ikiwa inaelekea mwisho mfanyakazi wa kiwandani Ulaya alikuwa anapiga zaidi ya saa 3,000 kwa mwaka. Leo Ujerumani wastani haufiki saa 1,400. Zaidi ya nusu imeondoka. Na mashine haijawahi kumwambia mtu nenda nyumbani, mtambo hauchoki, mwenye nao anatamani mtambo ukimbie usiku na mchana ili gharama irudi haraka. Waliosema inatosha ni watu. Robert Owen, ambaye mwenyewe alikuwa na kiwanda, alikuja na ile fomula ya saa nane kazi, saa nane mapumziko, saa nane kulala tangu miaka ya 1810. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi maelfu kwa maelfu Marekani waligoma kudai hizo saa nane, Chicago ndio ilikuwa kitovu, siku tatu baadae likarushwa bomu pale Haymarket, watu wakafa, viongozi wa wafanyakazi wakaja kunyongwa. Ile sikukuu ya Mei Mosi ndiko ilikotoka. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipoanzishwa 1919 mkataba wake wa kwanza kabisa ulikuwa wa saa nane kwa siku na saa 48 kwa wiki viwandani. Ufaransa saa 40 na likizo ya wiki mbili yenye malipo walizipata 1936 baada ya wafanyakazi kukalia viwanda nchi nzima.

Tangu Owen mpaka 1919 ni karne nzima. Watu walizaliwa na kufa katikati ya hapo wakifanya masaa kumi na mbili huku mashine zikizidi kuwa bora kila mwaka.

Naendelea

Mwaka 1930, dunia ikiwa ndio imeingia kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, mchumi John Maynard Keynes aliandika makala akijaribu kufikiria maisha ya miaka mia moja mbele, yani 2030, ambayo ni hapa hapa tu. Alisema mambo mawili. La kwanza, nchi zilizoendelea zitakuwa tajiri mara nne mpaka nane ya wakati ule. La pili, kwa sababu ya utajiri huo watu watafanya kazi kama saa 15 tu kwa wiki. La kwanza alipatia. La pili bado hatujalisogelea.

Kwanini? Watu huwa wanajibu haraka kwamba binadamu hatosheki, akipata hiki anataka kile. Kuna ukweli ndani yake sikatai. Ila mimi nimekuja kuamini jibu kubwa ni kwamba hakuna aliyekaa mezani kuyagawa yale masaa. Yalibaki kuwa faida, na faida ina mwenyewe.

Na kuna kisa kimoja ambacho nikikitaja watu wengi wanashangaa kwamba kilitokea. Desemba 1930, mwaka ule ule wa Keynes, kiwanda cha Kellogg pale Battle Creek, Marekani, kile cha nafaka za kifungua kinywa, kiliacha zamu tatu za saa nane kikaweka zamu nne za saa sita. Mwenye kiwanda aliona watu hawana kazi mtaani akaamua badala ya wengine kufanya nane na wengine kufanya sifuri, wote wafanye sita. Zamu ya nne yote ikawa nafasi mpya za kazi, na malipo ya saa yakapandishwa ili watu wasianguke sana. Na ilifanya kazi. Haikuwa jaribio la miezi mitatu, kuna idara ndani ya kile kiwanda ziliendelea na saa sita mpaka 1985. Karibu miaka hamsini na tano! Vita kuu ya pili iliwarudisha kwenye nane, baada ya vita wengine wakarudi sita, alafu kidogo kidogo uongozi mpya ukawa unapenda nane, wanaume wengi nao wakawa wanataka hela zaidi kuliko muda, na waliokomaa mpaka mwisho kutetea sita wengi wao walikuwa wanawake.

Sasa nakiweka hiki kisa kwa sababu mbili. Kwanza kinaonyesha kugawana kazi kunawezekana, kiwanda hakikufa. Pili kinaonyesha kwamba hata ukishayapata masaa yanaweza kukutoka mkononi taratibu tu bila mtu kukunyang'anya kwa nguvu, inatosha watu waanze kuona muda wa nje ya kazi ni muda wa bure usio na heshima.

Hapo ndipo naingia kwenye lile swali la pili, la binadamu asiyehitajika.

Kulikuwa na kijiji kinaitwa Marienthal, karibu na Vienna huko Austria, karibu kijiji kizima kiliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kikafungwa kati ya 1929 na 1930. Watafiti vijana wakiwemo Marie Jahoda na Paul Lazarsfeld wakaenda kuwachunguza wale watu waone kinachotokea, kazi yao ikatoka 1933. Wakati huo wengi walitegemea kwamba watu wasio na ajira watakuwa na hasira, wataingia kwenye siasa, au angalau watautumia muda kusoma na kujiendeleza. Matokeo yake yaliuma. Vitabu vilivyokuwa vinaazimwa maktaba ya kijiji vilishuka karibu nusu, wakati muda wa kusoma umeongezeka! Watu waliacha vyama, waliacha vilabu. Watafiti wakawa wanapima mwendo wa wapita njia, wakakuta wanaume wanatembea polepole wanasimama simama hovyo, na wanawake wanatembea haraka kuwapita, kwa sababu mwanamke bado alikuwa na nyumba, watoto, nguo za kushona viraka, yeye alikosa mshahara tu ila kuhitajika hakukosa. Mwanaume ukimuuliza amefanya nini leo alikuwa hakumbuki cha kusema kati ya kuamka na kula na kulala.

Jahoda alikaa na hili jambo maisha yake yote, baadae akaeleza kwamba ajira mbali na mshahara inampa mtu vitu ambavyo havioni mpaka vipotee: siku inakuwa na mpangilio, unakutana na watu nje ya familia, unakuwa sehemu ya lengo la wengi, unakuwa na nafasi yako kwenye jamii, na unalazimika kujishughulisha. Mimi hili nimelishuhudia kwa mzee wangu alipostaafu. Hela ya pensheni ilikuwepo, afya ilikuwepo, ila miezi ile ya mwanzo alikuwa anavaa vizuri asubuhi anakaa sebuleni, simu ikiita anaichukua haraka akidhani ni ofisi. Alikuja kupona siku majirani walipomchagua awashikie hesabu za kikundi chao. Hawamlipi chochote. Ila sasa kuna watu wanamsubiri.

Kwahiyo wakuu mimi siungani na wale wanaosema mashine zije zifanye kila kitu sisi tukae tu tulipwe. Na siungani na wale wanaosema kazi ni kazi, mtu lazima asote. Ninachosema ni kwamba hatari kubwa ya haya yanayokuja ni kugawanyika kwa watu: wachache wenye kazi nyingi mpaka zinawaua, na wengi wasio na kazi mpaka inawaua. Na nikisema kuua simaanishi kwa mafumbo. Shirika la Afya Duniani (WHO) na ILO walitoa hesabu 2021 kwamba mwaka 2016 peke yake watu kama 745,000 walikufa kwa kiharusi na magonjwa ya moyo yanayohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Upande mmoja watu wanakufa kwa masaa, upande mwingine kuna mtu anatembea polepole kama wale wa Marienthal. Hapo kweli hatuwezi kugawana?

Kuna hoja zimeletwa kwenye komenti, naomba nizijibu

Mkuu uliyesema kila mashine ilipokuja kazi mpya zilizaliwa kwahiyo tusiogope: nakubali nusu. ATM ya kwanza ilifunguliwa London 1967 na watu wakasema makarani wa kaunta wameisha, ila kule Marekani idadi yao kwa miongo kadhaa iliongezeka kwa sababu kufungua tawi kulikuwa rahisi kuliko mwanzo, matawi yakawa mengi, karani akahama kutoka kuhesabu noti kwenda kuuza huduma. Mfano mzuri huo. Sasa chukua na huu mwingine: simu zamani zilikuwa zinaunganishwa na watu kwa mkono, ilikuwa moja ya ajira kubwa kabisa za wasichana Marekani, alafu kuanzia 1919 na kuendelea kampuni ikaanza kuweka mitambo inayounganisha yenyewe, mji kwa mji. Waliokuja kuchunguza kumbukumbu za sensa waligundua kwamba wasichana wa kizazi kilichofuata walipata kazi nyingine, uandishi wa ofisini, migahawa, hawakuharibikiwa. Walioumia ni wale ambao mtambo uliwakuta wakiwa tayari kazini, miaka kumi baadae walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wametoka kabisa kwenye ajira au wako kwenye kazi ya malipo ya chini. Kwahiyo zote mbili ni kweli kwa pamoja, uchumi unapona na mtu haponi. Ukisema "kazi mpya zitakuja" kumwambia mtu wa miaka 48 mwenye watoto shule, unamwambia habari za mtoto wa mtu mwingine.

Kuna mkuu ameandika kwamba ukiwapunguzia watu masaa au ukiwapa hela bila masharti watalala. Iceland walijaribu kati ya 2015 na 2019, wafanyakazi zaidi ya 2,500 walishushwa kutoka saa 40 kwenda 35 au 36 kwa wiki, mshahara ule ule, na sehemu nyingi huduma haikushuka, kwingine ilipanda, baada ya hapo vyama vya wafanyakazi vikaingiza hilo kwenye mikataba. Finland nao 2017 na 2018 walichukua watu 2,000 wasio na ajira wakawapa euro 560 kila mwezi bila kuwauliza chochote. Hawakulala. Siku zao za kufanya kazi ziliongezeka kidogo kuliko wenzao ambao hawakupewa, na walikuwa na msongo mdogo na imani zaidi kwa watu na serikali. Ni kiasi kidogo, silikuzi, ila ile picha ya kwamba mtu asipotishiwa njaa hafanyi kitu haikuonekana pale.

Mwingine kasema hesabu ya kugawana masaa ni makosa ya kiuchumi kwa sababu kazi duniani sio kiasi kimoja kilichofungwa, ukimkatia mmoja masaa sio lazima mwingine apate kazi. Hoja nzito hii na ni kweli kazi sio fungu la kudumu. Ukipunguza masaa asilimia kumi haupati moja kwa moja ajira asilimia kumi. Ila angalia ninachodai, sidai kwamba kuna fungu, nadai kwamba pale ambapo tija imepanda kwa sababu ya mashine kuna kitu kimepatikana, na hicho kinaweza kutoka kama bei ya chini, kama faida, kama mshahara, au kama muda. Kwa miaka mingi sasa muda ndio unaachwa wa mwisho kwenye orodha. Ningependa urudi mbele.

Ndugu yangu uliyesema haya ya saa nane hayakuhusu kwa sababu umejiajiri, nimekuelewa na uko na wengi sana. ILO walihesabu 2018 watu bilioni mbili, zaidi ya asilimia 60 ya wafanyakazi wote duniani, wako kwenye shughuli zisizo rasmi, hawana mkataba, hawana likizo, akiugua kipato kimesimama. Kwako wewe adui wa masaa sio bosi anayeonekana, ni ile hofu kwamba ukifunga leo mteja ataenda kwa mwingine. Na wale wa kazi za kwenye programu za simu, bosi yupo ila ni programu inayokupangia safari na bei na ikikufungia hujui umkabili nani. Kwenye hili nadhani sheria za kazi za dunia nzima zimeandikwa kwa ajili ya mtu wa kiwandani wa 1919 na hazijakufuata wewe ulipo. Bima ya afya na pensheni zinatakiwa zimfuate mtu, zisikae kwenye mkataba wa mwajiri.

Na hii akili mnemba yenyewe ambayo tunaambiwa inajifunza peke yake, imefundishwa na watu. Ile hazina ya picha ya ImageNet ambayo iliwasha moto wa haya yote ina picha zaidi ya milioni 14, zilipangwa na makumi ya maelfu ya watu kutoka nchi zaidi ya 160 kupitia mtandao wa vibarua, picha moja baada ya nyingine, kwa malipo ya vijisenti. Mpaka leo kuna watu wanakaa wanasoma maandishi ya kutisha siku nzima ili mashine ijue kipi isitoe. Hawa ni wafanyakazi wa viwanda vya zama hizi na majina yao hayatajwi kwenye uzinduzi wowote.

Dada uliyeandika kwamba kazi za nyumbani hazihesabiwi, nimerudia kuisoma komenti yako mara kadhaa kwa sababu umegusa kitu ambacho wanaume wengi humu tunakipita. ILO 2018 walisema kila siku dunia inafanya saa bilioni 16.4 za kulea na kutunza bila malipo, na robo tatu yake wanafanya wanawake. Hiyo nayo ni kazi, tena ndiyo inayozifanya kazi nyingine zote ziwezekane. Tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake wa Iceland, kama asilimia 90, waliacha kazi zote siku moja, za ofisini na za nyumbani, nchi ikasimama, baba wakabeba watoto kuingia nao ofisini. Nikiwaza masaa yatakayookolewa na mashine mimi huwa nayaona yakienda kwanza huku: baba akae na mtoto wake mgonjwa, mtu amuuguze mzazi bila kuomba ruhusa kwa kujikunja. Tukihofia binadamu atakosa cha kufanya, mbona wazee wapo peke yao na watoto wanalelewa na simu? Uhitaji upo tele, wa mtu kwa mtu, ila uchumi wetu hauutambui mpaka utolewe risiti.

Mdogo wangu uliyeuliza usome nini ambacho hakitachukuliwa: sitakudanganya kwa kukutajia fani moja. Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa hii teknolojia, mwaka 2016 alisema watu waache sasa hivi kufundisha madaktari wa kusoma picha za X-ray na skani kwa sababu ndani ya miaka mitano mashine itawapita. Miaka mitano ikapita na mingine juu, mashine zimekuwa nzuri kweli, na hao madaktari bado wanahitajika na sehemu nyingi hawatoshi. Kama yeye alikosea ratiba, usimwamini anayekupa orodha ya kazi kumi salama. Ila kuna jambo moja naomba ulitazame. Kila fani ina vile vikazi vidogo vya mwanzo anavyopewa mgeni, kuandaa rasimu, kuhakiki majedwali, kutafuta kumbukumbu, na ni vikazi hivyo hivyo mashine inavifanya vizuri leo. Mkongwe anaona amerahisishiwa. Wewe umenyang'anywa ngazi ya kwanza. Ukienda kufanya usaili usiulize mshahara tu, uliza mgeni anafundishwaje hapa, nani atakaa na mimi nikikosea. Sehemu isiyo na jibu la hilo inakula mbegu.

Sasa la mwisho, mkuu ameniuliza maneno mengi haya basi tufanyeje. Nitataja mfano mmoja ninaouheshimu sana. Makontena yalipoanza kuingia bandarini, wapakiaji wa meli walijua kabisa kitakachotokea, mzigo uliokuwa unachukua watu wengi siku nyingi utabebwa na kreni na watu wachache. Mwaka 1960 chama cha wapakiaji wa pwani ya magharibi ya Marekani, chini ya Harry Bridges, hakikuvunja kreni wala hakikukaa kimya. Walisaini makubaliano: mitambo iingie, na waajiri waweke mfuko wa karibu dola milioni tano kila mwaka, hakuna mwanachama kufukuzwa, anayetaka kustaafu mapema analipwa vizuri aende. Yani waliuza ruhusa ya mashine, na bei yake ilikuwa usalama wa watu. Waandishi wa filamu na televisheni Marekani walifanya kitu kinachofanana 2023, walikaa mgomo siku 148, wakatoka na kipengele kwamba kampuni haiwezi kumlazimisha mwandishi kutumia akili mnemba na kilichoandikwa na mashine hakihesabiwi kama kazi ya mwandishi.

Yale makubaliano ya bandarini yalikuwa na kasoro ambayo lazima niiseme. Yalilinda wanachama kamili tu. Vibarua na wale wa daraja la pili, waliokuwa wanabeba mizigo ile ile kwenye gati zile zile, waliachwa nje. Kwahiyo kama ofisini au kiwandani kwenu mnaletewa programu mpya mwaka huu, kaeni mapema kabla haijawashwa, ulizeni itaokoa masaa mangapi na yanaenda wapi, na mkikaa hapo muwe na mtu wa usafi, mlinzi, kibarua wa mkataba wa miezi mitatu na yule kijana wa mafunzo. Waliopo sehemu ambazo mazungumzo kama haya yameshafanyika naomba mwandike hapa chini yalikwendaje, mlidai nini na mkapewa nini.